KONA YA FAMILIA: Mgongo wa miaka, na namna ya kuutuliza

Mwezi uliopita kona hii ilizungumza juu ya watoto wasiopata usingizi. Gazeti lilipotoka walinijia kina mama watatu, kila mmoja kwa wakati wake, na swali lao lilikuwa moja: "Mwalimu, watoto umewaandikia, na sisi wenye migongo je?" Basi leo ni zamu ya mgongo. Mimi si daktari, ni mwalimu wa kujitolea tu, lakini nimesoma na nimewauliza wanaojua.

Kwanza tuelewane ni mgongo gani. Upo ule wa juzi na jana: umeinua jerikani vibaya, umeteleza na kuni, unaumia siku chache au wiki chache halafu unasahau. Huo siuzungumzii. Maumivu yakipita miezi mitatu ndipo madaktari wanayaita maumivu sugu. Na hapa Mahama miezi mitatu ni kitu gani? Wapo wanaohesabu tangu 2015, mwaka kambi hii ilipofunguliwa.

Wengine kati yetu tuliotoka upande wa Cibitoke tulivuka mpaka wa Ruhwa tukaingia Rwanda kupitia wilaya ya Rusizi, sehemu za Bugarama na Gikundamvura. Gikundamvura, ukilisikiliza jina lenyewe, ni kitu kinachopenda mvua, na wanaolijua bonde lile watakubali. Bugarama, Muganza, Nyakabuye na Gikundamvura ni nchi ya mpunga. Na mpunga, si mnajua, haupandwi mtu amesimama. Unainama, miguu kwenye matope, mkono mmoja umeshika miche, mwingine unachomeka, unarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka shamba linaisha. Ukisimama, kiuno kinakuwa kama cha mtu mwingine.

Yupo mama mmoja hapa kambini, jina lake amekataa niliandike. Kabla ya 2015 alikuwa anavuka kwenda kufanya kibarua cha mpunga huko Gikundamvura na kurudi kwao. Mwaka ule akavuka tena, safari hii mtoto mgongoni na mfuko kichwani, hakurudi. Mimi nilimjua kwa sababu ya binti yake, ambaye kila wiki alikuwa anakosa darasani siku mbili au tatu. Nilipokwenda kuuliza nyumbani nikaambiwa mama hawezi kuinama, hawezi kuchota maji, hawezi kufua, na binti ndiye anafanya yote.

Nikamuuliza kama ni mpunga uliomuumiza. Jibu lake sijalisahau: "Mwalimu, wakati nalima hakikuniuma hivi. Kiliuma usiku, asubuhi kimepona. Kilianza kuuma kweli nilipofika hapa nikakaa, sina hata jembe la kushika."

Hilo ndilo fumbo. Kama mgongo ungekuwa kama kamba, inayokatika kwa kuvutwa sana, basi angeumia shambani na kupona kambini. Imekuwa kinyume. Na watu, badala ya kujiuliza kwa nini, wakampa majibu yao. Mmoja akasema ni mvivu. Mwingine akasema kuna jirani aliyemtupia kitu, na pesa ya posho ikaenda kwa mganga, akachanjwa wembe kiunoni mara mbili. Mwingine akampeleka kwa mtu anayechoma sindano mtaani, akachomwa, akapata nafuu siku tatu. Akanunua mshipi wa kufunga kiuno. Akalala. Mwisho akapigwa picha hospitali akaambiwa mifupa ni mizima, na hapo ndipo alipolia, maana nyumbani walisema: "Unaona? Huna kitu. Unajifanya."

Ndugu msomaji, tafadhali soma hapa polepole. Mtu anaweza kuwa na mifupa mizima na maumivu ya kweli, yote mawili kwa pamoja. Hajifanyi wala hajarogwa.

Nitaeleza nilivyoelewa. Maumivu ni mlinzi. Ubongo unapokea habari kutoka mwilini, unapima kama kuna hatari, na ukiona hatari unapiga kelele, nayo ndiyo tunaiita maumivu. Sasa fikiria mbwa wa nyumbani. Mwizi akija usiku mmoja, mbwa anabweka, kazi yake hiyo. Lakini akishaona mwizi mara tatu nne, anaanza kubwekea upepo. Anabwekea jani, anabwekea jirani anayekwenda msalani. Anabweka kweli, kelele zinaumiza masikio kweli, watu hawalali kweli, ila mwizi hayupo. Mgongo sugu mara nyingi uko hivyo. Kidonda cha mwanzo kilikwisha kupona zamani, mlinzi ndiye hajapumzika.

Na ni nini kinachomfanya asipumzike? Hofu. Kukosa usingizi. Kuwaza mume aliyebaki, shamba lililochukuliwa, posho iliyopungua. Mtu mwenye hofu anakaza misuli bila kujua: meno, mabega, tumbo, kiuno. Msuli uliokazwa mchana kutwa unachoka na kuuma. Ukiuma, mtu anaogopa zaidi kwamba kitu kimevunjika ndani, anakaza zaidi, anaacha kutembea, mwili unalegea nguvu, na siku akijaribu kuinama unauma mara mbili. Ni duara. Wanyarwanda baada ya 1994 walikuwa na neno la hofu inayorudi yenyewe hata pumzi ikakatika, ihahamuka. Halikusemwa juu ya mgongo, lakini linaonyesha kwamba watu wa huku wanajua tangu zamani kuwa yaliyompata mtu hayakai kichwani tu, yanaingia mwilini.

Msidhani ni maneno yangu. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za uti wa mgongo za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo hata kidogo. Katika wenye miaka 20, watu 37 kwa kila 100 walionekana diski zimechakaa. Wenye miaka 50 walikuwa 80 kwa 100. Hawa ni watu wazima wa afya, wanakwenda kazini kwao! Kwa hiyo ukipigwa picha ukaambiwa "diski imechakaa kidogo", usirudi nyumbani kama mtu aliyehukumiwa. Mara nyingi ni kama mvi, inakuja na umri.

Tena katika jimbo la Colorado, Marekani, walichukuliwa watu 151 wenye maumivu sugu ya mgongo. Kundi moja, watu 50, lilifundishwa kwa wiki nne kuyaangalia maumivu bila hofu, kujua kwamba si dalili ya kuvunjika, na kurudia taratibu mambo waliyoyaogopa. Matokeo yalitoka 2021: watu 33 katika wale 50 walibaki bila maumivu au karibu bila maumivu. Waliotibiwa kama kawaida yao, waliofikia hapo walikuwa kama mmoja kwa kumi. Sasa na mimi niseme langu: watu wa Colorado hawapangi foleni ya maji wala hawalali juu ya mkeka kwenye sakafu ya udongo. Siwezi kuahidi kwamba hapa itakuwa vilevile. Lakini mwili wa binadamu ni mmoja.

Na kwa wale wanaosema mambo haya ni ya wazungu, kuna habari ya jirani zetu. Kaskazini ya Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini waliingia katika utafiti uliotoka 2020. Nusu yao walikutana mara tano, kila mara saa mbili, katika makundi ya watu kama 20 au 30, wakisikiliza sauti iliyorekodiwa kwa lugha yao na kuangalia kitabu cha picha. Walifundishwa kutulia, kuliona wazo zito bila kupigana nalo, na kuendelea kufanya kilicho muhimu kwao hata kama moyo ni mzito. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Baada ya miezi mitatu msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wenzao. Ule utafiti ulipima msongo, haukupima mgongo, lazima niseme ukweli. Ila unaonyesha kwamba kambi, na shida zake zote, si mahali ambapo kujifunza kutulia hakuwezekani.

Kabla sijaeleza namna ya kufanya, kuna jambo ambalo nataka hata asiyesoma gazeti hili aambiwe na jirani yake. Si kila mgongo ni wa kutuliza nyumbani. Ukiumwa mgongo na ukashindwa kukojoa, au mkojo au choo kinatoka bila kujua, au sehemu unayokalia, kati ya mapaja, imekufa ganzi, au mguu unakosa nguvu, usingoje kesho, nenda hospitali leo hii, hata usiku. Ukiwa na homa, unatokwa jasho usiku, unakonda bila sababu, nenda kituo cha afya upimwe, maana kifua kikuu hakikai kifuani tu, kinaweza kuingia kwenye uti wa mgongo. Vilevile uliyeanguka au kupigwa, mzee ambaye maumivu yameanza ghafla, mwenye saratani, na mama mjamzito ambaye mgongo unabana na kuachia kama uchungu. Na mtoto anayelia mgongo kila siku asiambiwe ni mchezo. Hao wote daktari kwanza. Ninayoandika hapa chini ni ya mtu aliyekwisha kuangaliwa akaambiwa hakuna hatari.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Wale wa Rusizi mnakumbuka Amashyuza, maji ya moto ya Bugarama, karibu na kiwanda cha simenti. Kwa miaka mingi watu wa nchi tatu, Rwanda, Burundi na Kongo, walikuwa wanakwenda kuoga pale, wenye migongo wakiwa wa kwanza. Walitoka wamepata nafuu, na kila mtu alikuwa na sababu yake ya kueleza. Mimi nafikiri sababu kubwa ni ndogo tu: joto linalegeza msuli, na mtu aliyekaa kwenye maji ya moto pamoja na wenzake wakicheka, kwa nusu saa haogopi kitu. Huku Mahama hatuna Amashyuza, lakini kitambaa kilicholowekwa maji ya moto kikakamuliwa vizuri, kikawekwa kiunoni juu ya nguo dakika 15, kinasaidia. Angalia kisiunguze. Na fanya hivyo wakati utakapojifunza kupumua, usikitumie peke yake.

Kupumua, wengi hucheka nikitaja. "Si napumua tangu nizaliwe?" Ndiyo, lakini mtu mwenye hofu anapumua juu juu, kifuani. Lala chali, magoti umeyakunja, nyayo chini, au kaa umeegemea ukuta. Mkono mmoja weka tumboni. Vuta pumzi puani ukihesabu polepole mpaka nne, mkono upande. Toa pumzi ukihesabu mpaka sita, mkono ushuke. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, hapo ndipo mwili unapojua kwamba mwizi ameondoka. Ukisikia kizunguzungu punguza, usilazimishe. Dakika tano, mara mbili kwa siku. Anayeswali ahesabu kwa dhikri akitaka, anayesali rozari ahesabu kwa rozari, hakuna ubaya.

Ukishazoea hilo, ongeza kukaza na kulegeza. Alianzisha daktari mmoja wa Marekani, Edmund Jacobson, kitabu chake kilitoka 1929. Yeye aliona kwamba ukimwambia mtu "legea", hajui afanye nini, kwa sababu hajui hata kama amekaza. Basi mfanye akaze kwanza kwa makusudi. Kunja ngumi, kaza, hesabu mpaka tano, halafu achia mara moja na uangalie mkono unavyokuwa mzito. Mabega yapandishe mpaka masikioni, achia. Uso ukunje kama umelamba ndimu, achia. Tumbo, makalio, mapaja, vidole vya miguu. Pale panapouma sana usikaze kwa nguvu, paguse kidogo tu na upite. Yule mama aliniambia siku ya kwanza alipofika kwenye mabega alishangaa: kumbe yalikuwa yamepanda tangu asubuhi, hakujua.

Usitegemee siku ya kwanza. Hili ni kama kufundisha mtoto kusoma, a-e-i-o-u haikuingia siku moja kwa mtu yeyote. Wiki ya tatu, ya nne, ndipo mtu anaona tofauti, na mara nyingi anayeiona kwanza ni usingizi, mgongo unafuata nyuma.

Halafu inakuja sehemu ambayo mimi naona ndiyo ngumu kuliko zote, kurudia kuinama. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno mwezi Desemba 2023. Linapendekeza mazoezi, kufundishwa na msaada wa mawazo, na halipendekezi mishipi ya kufunga kiuno. Kulala siku nzima nako kunapunguza nguvu za mwili. Lakini vipi mtu anayeogopa ataanza? Kidogo kidogo, kwa kipimo. Jerikani ya lita 20 iache. Chukua ile ya lita 5, hata nusu yake. Kesho ileile. Wiki ijayo ongeza kidogo. Ukisikia maumivu yanapanda kidogo, usikimbie, pumua, jiambie "ni mbwa, si mwizi", maliza ulichopanga. Ukisikia yamepanda sana, punguza kipimo siku inayofuata, ila usiache kabisa.

Kuna mtego hapa, karibu wote tunaingia. Ni ile siku nzuri. Mama anaamka mgongo umetulia, anafurahi, anafua nguo za wiki tatu, anafagia, anachota maji safari sita. Kesho yake hawezi kuinuka kitandani, siku tatu. Anasema, "Unaona, kazi inaniua." Si kazi iliyomfanya hivyo, ni kutokuwa na kipimo. Siku nzuri fanya ulichopanga tu, na siku mbaya fanya kilekile au nusu yake. Mzee mmoja Mwislamu hapa alikuwa ameacha kurukuu kabisa, anaswali kwenye kiti. Alianza kwa kurukuu rakaa moja tu, mikono juu ya magoti, nyingine kwenye kiti, kila wiki akaongeza. Alitumia swala tano kama ratiba ya mazoezi, na kweli ratiba nzuri kuliko hiyo nani atakupa?

Na maneno ya mdomoni. Mtu anayesema kutwa nzima "mgongo wangu umekufa", "mgongo umekatika", anamwambia mlinzi aendelee kubweka. Sisemi udanganye kwamba huumwi. Sema lililo kweli: "unauma, lakini haujavunjika". Hili ni la familia nzima. Ninyi wanaume, na watoto wakubwa, neno "unajifanya" liondoke nyumbani. Na lile la pili pia, "usiguse kitu, utavunjika", hata kama linatoka kwa upendo. Linamfungia mtu ndani. Mnaweza kusema tu, "Twende pamoja mpaka bombani, nitabeba kubwa, wewe beba ndogo."

Dawa je? Sijasema utupe dawa. Aliyepewa na kituo cha afya azitumie alivyoelekezwa. Ninaloogopa ni vidonge vya kununua sokoni vya maumivu, vile vya aina ya diklofenaki na ibuprofeni, mtu anameza miezi na miezi bila kuuliza, tumbo linatoboka au figo zinaumia. Na sindano za mtaani, sitaki hata kuzijadili.

Mnisikie pia kwa upande mwingine. Kupumua hakujazi sufuria. Mtu mwenye njaa, asiye na godoro, ambaye hajui kama mwakani atakuwa hapa au Burundi, ana sababu za kweli za kukaza mabega, na mimi sina jibu la hizo. Nisingependa mtu yeyote, awe wa kambi au wa shirika, achukue ukurasa huu aseme mkimbizi anahitaji kutulia tu. Godoro likipatikana, lipatikane. Lakini mbwa anaweza kufundishwa hata kabla nyumba haijapata mlango mzuri.

Yule mama bado anaumwa baadhi ya siku. Hasa msimu wa mvua, na hasa akipata simu mbaya kutoka nyumbani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeona kwamba simu na mgongo vinafuatana. Lakini mshipi ameuvua, anachota jerikani ya lita 10, na anafua kwa beseni aliloliweka juu ya tofali ili asiiname sana. Binti yake katika muhula uliopita alikosa darasani siku nne tu, mbili kati ya hizo kwa malaria.

Wanaotaka kujifunza pamoja, kina mama sita tayari wanakutana kila Ijumaa baada ya watoto kutoka, saa kumi, katika darasa la mwisho karibu na bomba. Wanaume pia waje, mpaka sasa ni yule mzee peke yake. Lete kitenge cha kulalia, na kama hujaangaliwa na kituo cha afya, pitia huko kwanza.